Goli Lililovuka Lualaba

Watu walionizoea kwenye televisheni, nikiwa na tai shingoni na nywele zilizochanwa, hudhani kazi hii nilijifunzia Kinshasa, mbele ya taa kali na kamera kubwa kama kabati. Wapo hata wanaoapa kwamba nilipelekwa Ubelgiji kusomea. Miaka yote nimewaacha wadhani hivyo, maana ilinipendeza. Lakini sasa nimestaafu, sina tena mkubwa wa kunionyesha saa akiniambia muda wangu umekwisha, kwa hiyo nitasema ilivyokuwa. Nilianza Kindu, wakati wa Wabelgiji, nikiwa na bomba la bati mdomoni, na katika umati wote ule msikilizaji niliyemtaka alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ng'ambo ya mto.

Bomba lenyewe lilikuwa mali ya kituo cha reli. Kindu ndipo reli na mto vinapokutana. Anayeshuka melini kutoka kaskazini hupanda garimoshi kwenda Kibombo, Samba, Kongolo na huko mbele, na anayetoka huko hushuka garimoshini akapanda meli. Kati ya meli na garimoshi palikuwa na vurugu ya magunia, kuku, mitungi ya mafuta ya mawese, na akina mama wanaoitana. Kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya sanduku na kupiga kelele: abiria wa Kibombo huku, mizigo ya Kongolo kule, mama mwenye mbuzi mweusi, mbuzi wako anakula tikiti ya mtu. Hilo la mbuzi halikuwa kwenye maagizo ya mkuu wa kituo. Niliongeza mwenyewe, na watu wakacheka, nami nikaonja kwa mara ya kwanza utamu wa kucheza na sikio la watu wengi kwa pamoja. Sikuupata utamu ule katika kitu kingine chochote, nikiacha kimoja, ambacho nitakifikia.

Jumapili tulikuwa na mpira. Uwanja ulikuwa kati ya kambi ya wafanyakazi wa reli na ukingo wa mto, na timu mbili zilizopendwa kuliko zote zilikuwa ya reli na ya meli. Wazungu walikaa kwenye viti chini ya paa la mabati, sisi tulisimama pembeni kwenye jua, na padri mmoja mwenye ndevu alikuwa mwamuzi, akikimbia na kanzu yake nyeupe ameishika kwa mkono mmoja ili asijikwae. Watu walikuwa wengi mno. Waliosimama nyuma hawakuona kitu ila visogo vya waliosimama mbele, na kila mara walikuwa wakiuliza nani anao, nani anao. Mimi huwa sina subira na maswali. Jumapili moja nikaenda kulichukua bomba langu, nikapanda juu ya pipa, nikaanza kuwaambia: anao beki, anampa wa kulia, wa kulia ananyang'anywa kama mtoto aliyepewa mkate. Tangu siku hiyo, mpira bila mimi ulionekana pungufu, au ndivyo nilivyojiambia.

Ng'ambo, upande wa Alunguli, nao walitaka habari zao. Si kila mtu aliweza kuvuka, na Lualaba pale Kindu si kijito cha kuruka. Sauti yangu ilifika kule kama mlio wa nyuki, bila neno hata moja. Aliyeitatua shida hiyo alikuwa mvuvi mmoja wa Lokandu, mtu mnene, mcheshi, aliyekuja Kindu kuuza samaki wa kukausha na asiyekosa mechi. Alikuwa na lokole, ile ngoma ya gogo lililochongwa ndani likabaki tupu, lenye midomo miwili juu, mmoja wa sauti ya kiume na mwingine wa sauti ya kike. Aliiweka ukingoni kabisa, nyuma ya goli la upande wa mto, akinisikiliza mimi na kuangalia mpira kwa macho yake, kisha anawapigia wa ng'ambo. Mimi ngoma ile sikuielewa. Inasema lugha ya watu wa mto kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na aliyekulia mbali na wavuvi husikia gogo tu.

Ila nilijifunza jambo moja, kwamba ngoma haina maneno mafupi. Neno fupi likipigwa laweza kuwa maneno kumi mengine, kwa hiyo kila kitu hupewa jina refu ili kisichanganywe na kingine. Mshambuliaji wetu wa reli, aliyekuwa mtia kuni kwenye garimoshi, mvuvi alimwita "yule anayelisha moto usioshiba, mwenye miguu ya kukimbia jua." Goli nalo lilikuwa na jina lake, la mgono, ule mtego wa samaki: "Samaki mkubwa ameingia mgononi, mdomo wa mgono umefungwa, wavuvi washeni moto." Mpaka mvuvi amalize yote hayo, mpira ulikuwa umeshawekwa kati na kuanza upya. Watu wa ng'ambo walilalamika kwamba wao hushangilia baridi, wakati wenzao walishaanza kulia kwa goli la kurudishiwa. Mvuvi alikuwa na fahari yake. Akabuni njia: akiona goli linakuja bila shaka, anaanza kulipiga mapema, ili neno la mwisho liangukie pamoja na mpira wavuni. Alikuwa na jicho kali, na ng'ambo na ng'ambo zikawa zinapiga kelele kwa pamoja. Mtu aliyesikia ukingo mzima wa mto ukiitikia ukingo mwingine kwa goli moja, hata umpe televisheni ya rangi, atakuambia amewahi kusikia jambo kubwa zaidi.

Sasa nimfikie msikilizaji wangu.

Jezi za timu ya reli zilishonwa ng'ambo, na fundi cherehani mmoja mzee wa mtaa wa waungwana, wale Waislamu wa tangu zamani, mwenye kofia nyeupe isiyopata doa na ulimi usiosamehe mtu. Aliipenda timu ya reli kama alivyoipenda cherehani yake. Alijua kila mchezaji kwa upana wa mabega na urefu wa mikono, lakini hakuwahi kumwona hata mmoja akicheza, kwa sababu hakuvuka mto. Ujanani mtumbwi ulipinduka naye akiwa na robota la kitambaa. Kitambaa kilizama, yeye akaelea, na tangu siku hiyo maji aliyoyakubali ni ya kutawadha tu. Basi Jumapili alikaa barazani akishona, naye binti yake alikaa karibu akimtafsiria lokole, maana binti alikua akicheza na watoto wa wavuvi na ngoma yao aliielewa kama salamu. Baba mtu alisema mambo ya magogo si ya mwungwana, na kwamba yeye masikio yake yalifundishwa Kurani, si kelele za mtoni.

Nilitumwa kwenda kuchukua jezi, na ni binti aliyenikabidhi. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni bila haraka.

"Weye njo ule anapiga kelele Jumapili?"

Nikasema kwa fahari, ndiye mimi. Nilitegemea sifa. Akaniambia kwamba nasahau kutaja timu ngapi kwa ngapi, kwamba mvuvi naye akinifuata husahau, na kwamba wiki iliyopita baba yake alilala na hasira bila kujua kama amefungwa mawili au matatu. Akanikunjia jezi, akanipa. Nilivuka mto nimekasirika, nikafika upande wa pili nimependa. Tangu hapo nilitaja ngapi kwa ngapi kila mara mpira ulipotoka nje, mpaka watu waliosimama karibu wakaniomba nipumzike. Mpaka leo watangazaji vijana husema mimi ndiye niliyewafundisha tabia hiyo. Sikuwaambia nani aliyenifundisha mimi.

Jezi za timu yetu zilianza kuchanika kwa wingi wa ajabu. Kila wiki ilikuwepo ya kupeleka kushonwa, na mpelekaji alikuwa mimi. Tulizungumza barazani, baba mtu akiwa hapo hapo, mguu wake ukikanyaga cherehani, na yeye akijifanya hasikii. Binti aliniigizia jinsi Jumapili zao zilivyokuwa: yeye anasikiliza ngoma, anatafsiri, baba anatoa hukumu juu ya mchezaji ambaye hajamwona. Alikuwa na kicheko cha chini chini ambacho kilinifanya nisahau maneno, na mimi si mtu wa kusahau maneno. Aliniambia kitu kimoja kilichomchekesha sana: goli likipigwa, cherehani ya baba husimama kabla yeye hajafungua kinywa. Alidhani baba anausoma uso wake. Mimi nilicheka naye, sikufikiri zaidi.

Nikawatuma mjomba wangu na mwalimu wa chuo cha Kurani wakanipelekee posa. Nilikuwa na kazi, dini yetu ilikuwa moja, ukoo wetu wa Kibombo haukuwa na aibu ya kusimuliwa. Nilihesabu nimeshapata. Walirudi jioni, na mjomba alivua viatu vyake polepole, nikajua kuna jambo.

Fundi aliwapokea vizuri, akawapa kahawa, akasifu ukoo wetu. Halafu akasema mbele ya wazee wa mtaa waliokuwa wamekaa pale kwamba siku timu yake ya reli itakapowafunga watu wa meli, yeye mwenyewe atachinja mbuzi wake na kumtoa binti yake siku hiyo hiyo. Wazee wote walicheka. Kila mtu pale Kindu, Mzungu na mweusi, alijua kwamba timu ya reli haijawahi kuwafunga watu wa meli. Wale walikuwa mabaharia wanaobeba magunia kutwa, wana vifua kama milango. Mjomba akasema kukataliwa kwa namna hiyo ni kwa heshima, nitafute kwingine. Nilimjibu vibaya, nikatoka nje.

Binti ndiye aliyenieleza, nilipopeleka jezi ambayo safari hii niliichana kwa mikono yangu mwenyewe. Baba hakuwa na chuki nami. Baba aliogopa. Mke huenda kwa mumewe, nami kwangu ni ng'ambo ile, na yeye kwenye maji hapiti. Binti akishavuka, mzee hatamwona akipika jikoni kwake, hatawabeba wajukuu mlangoni kwake. Atasubiri kwenye baraza ile ile mpaka watu wamletee habari. Aliniambia hayo bila kulia, lakini alikuwa akiukunja ukingo wa jezi na kuukunjua. Kumchukia mzee mkaidi ni rahisi, ila huyu alikuwa akimpenda mtu yule yule ninayempenda mimi.

Basi ikabaki mpira. Nilianza kuwafuata wachezaji wa reli kambini kama nzi. Nilimletea mtia kuni samaki. Nilimsihi kipa asinywe pombe Jumamosi. Waliijua habari yangu yote, wakaninyanyasa kwa utani mpaka nikakonda, lakini walifanya mazoezi kuliko kawaida, na nahodha akaniambia kwamba hawatoki uwanjani siku hiyo bila mke wangu. Nilimwambia amlete akiwa hai.

Siku ya mechi mvua ilinyesha asubuhi, kubwa, ile ya kwetu Maniema isiyouliza mtu. Mchana jua likatoka, uwanja ukawa nusu majani na nusu madimbwi. Padri alitembea akichungulia matope, akainua mabega, akapuliza filimbi. Mimi nilikuwa juu ya pipa langu na bomba mdomoni. Mvuvi alikuwa ukingoni na lokole. Ng'ambo niliona baraza zikiwa na watu, vidoa vyeupe vya kanzu, na nikajiambia kimoja ni mzee na kingine karibu yake si kanzu, ni binti yake.

Nitasema kweli, sikuwahi kutangaza vizuri vile tena, hata kwenye fainali kubwa. Timu yetu ilicheza kama watu walioahidiwa mbuzi. Watu wa meli waligonga mwamba, kipa wetu alidaka kwa kifua, kwa goti, na mara moja kwa uso. Kila mpira ulipotoka nilisema bila bila, bila bila, na mvuvi akapiga, na ng'ambo wakajibu kwa kelele. Dakika zilikuwa zinakwisha. Sare isingenisaidia kitu, maana mzee alisema kufunga.

Hapo mtia kuni akaupata mpira katikati. Akampita beki wa kwanza, beki wa pili akateleza na kukaa kwenye matope kama bibi anayeuza mihogo. Kipa wa meli akatoka mbio, akajirusha, akapitwa. Goli lilikuwa wazi, goli la upande wa mto, halina mtu. Mtia kuni akaupiga kwa upole, chini chini, kuelekea katikati ya nguzo mbili. Mimi nikavuta pumzi. Mvuvi naye akaiona, mikono yake ikaanguka juu ya lokole, na nikasikia neno la goli likianza.

Mpira ukaviringika, ukaingia kwenye dimbwi mbele ya mstari, ukasimama.

Ulisimama kabisa. Ulikaa pale juu ya maji ya matope ukizunguka taratibu. Uwanja mzima ulinyamaza, hata Wazungu chini ya paa walisimama. Kinywani mwangu "anafunga" ilikuwa imeshatoka nusu, nikaimeza. Kipa akaamka, akatambaa kwa magoti, akaukumbatia mpira. Na katika ukimya ule kilichosikika kilikuwa kitu kimoja tu: lokole, inaendelea kwa raha zake, samaki mkubwa, mgono, mdomo umefungwa, wavuvi, moto.

Niliruka kutoka juu ya pipa, nikamkimbilia mvuvi, nikampigia kelele anyamaze. Alinitazama kwa huruma bila kusimamisha mikono. Alipomaliza neno la mwisho ndipo aliponijibu.

"Neno mu ngoma likianza, linamalizika. Ukilikata kati, watu watasema kuna muntu amekufa."

Ndivyo desturi yao ilivyo. Ngoma ikikatika ghafla, wa ng'ambo huelewa kwamba mpigaji ameanguka, na wanakuja na mitumbwi kumlilia. Nilimwambia basi awaambie si goli. Akakuna kichwa. Neno la kukanusha halikuwepo. Ngoma ile ilikuwa imetangaza vifo, harusi, mafuriko na kuja kwa mkusanya kodi, haikuwahi hata siku moja kutangaza kitu kisha ikasema samahani. Ilibidi atunge papo hapo. Filimbi ya mwisho ililia bado anatunga. Kisha akapiga kwa muda mrefu, akapumzika, akarudia, akanitafsiria: samaki ametoka, mgono ulikuwa na tundu, zimeni moto. Nikamwuliza kama wamesikia. Akasema yeye amesema, kusikia ni kazi yao.

Tukatazama ng'ambo. Moshi ulikuwa unapanda juu ya mtaa wa waungwana, mwembamba kwanza, halafu mnene. Hawakuzima moto.

Nilivuka na mtumbwi wa mvuvi, mjomba akiwa nyuma yangu na kanzu yake ya posa aliyoivaa kwa matumaini. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilihofu mawili: mzee akishachinja mbuzi wake kwa goli la uongo, ataona nimemfanyia mzaha, na mlango ule hautafunguka tena kwangu maisha yangu yote. Nikinyamaza nimwoe binti kwa goli lisilokuwepo, kesho fundi atakutana na mtu yeyote kutoka ng'ambo naye atajua. Nilikuwa mtangazaji, na sikujua nitangaze nini.

Mtaa mzima ulikuwa pale. Ngozi ya mbuzi ilikuwa imetandazwa ukutani, sufuria lilikuwa jikoni, akina mama walikuwa wakipiga vigelegele, na wavuvi wa jirani walikuwa wamekaa mstari wa mbele na vidole vinang'aa kwa mafuta. Fundi alikuwa katikati na kofia yake nyeupe, akimsimulia kila mtu jinsi mtia kuni alivyofunga, kwa mguu gani na kwa pembe gani. Binti alisimama mlangoni kwa ndani. Alinitazama mara moja tu, akainamisha kichwa.

Nilipiga goti mbele ya mzee, nikamwambia mbele ya watu wote, kwa sauti ambayo haikuhitaji bomba. Nilimwambia Baba, mpira ulisimama kwenye maji. Haukuingia. Hatukuwafunga. Bila bila.

Vigelegele vilikatika. Mjomba akafumba macho. Fundi alinitazama kwa muda, akalitazama sufuria, akawatazama wavuvi, ambao waliacha kutafuna lakini hawakutema. Alipozungumza hakuwa na hasira.

"Nilisema mambo mbili mbele ya watu: mbuzi na mutoto. Mbuzi njo hii mu sufuria, haiwezi kurudi mu kamba. Sasa miye nikuwe muntu wa nusu neno?"

Akamwita mwalimu wa chuo, aliyekuwa kati ya watu wa mtaa, aje karibu afungishe ndoa, akamwambia mjomba akae, akaniambia nikae mimi pia, maana nyama inapoa. Nilikaa. Nilitaka kucheka na kulia, nikafanya yote mawili na mfupa mdomoni. Na ule ndio utamu mwingine nilioutaja mwanzo. Watu wa meli wenyewe, waliposikia, walileta chumvi gunia zima siku mke wangu alipovushwa kuja kwangu, wakidai kwamba bila kipa wao kutambaa kwenye matope nisingepata mke.

Na mzee alivuka. Alikawia, lakini alivuka, mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa. Alikaa katikati ya mtumbwi, amejifunika uso kwa jezi ya reli, akisoma kila aya aliyoijua, na mvuvi akipiga kasia polepole kama anabeba mayai. Alipofika alimbeba mjukuu mlangoni kwangu, kisha akaomba kupelekwa uwanjani. Timu yake ilifungwa siku hiyo, mengi. Aliona mabega yote aliyoyashonea yakirudi nyuma kichwa chini, na alifurahi kuliko mtu yeyote uwanjani. Baada ya hapo alivuka kila mara, amejifunika uso vile vile.

Mengine mnayajua au mwaweza kuyakisia. Uhuru ulikuja, redio ikanitaka, halafu televisheni. Kila niliporudi nyumbani baada ya mechi mke wangu aliniambia wapi nilisahau kutaja ngapi kwa ngapi. Nilimwambia mara nyingi kwamba bahati yetu yote ilitokana na dimbwi na mvuvi mwenye haraka, na kwamba ngoma ya pili, ile ya kukanusha, inaonekana ilipotelea kwenye vigelegele. Alikuwa akitabasamu tu. Mwaka tuliomzika baba yake, tumekaa barazani pake karibu na cherehani iliyofunikwa kitambaa, nilisema tena habari hiyo ya vigelegele, na safari hii hakutabasamu.

"Ile ya pili nilisikia yote," aliniambia. "Mbuzi iko chini, kisu iko mu mukono wa Baba. Nikafungua kinywa nimwambie. Akanipima na macho, akatikisa kichwa hivi, kidogo. Alikuwa anasikia ngoma siku zote. Halafu akasema bismillahi."

Nilikiona kile kidoa cheupe ng'ambo, mzee aliyeogopa maji kuliko kitu chochote, akisikia wazi kabisa kwamba si goli, na kisu chake kikishuka. Nikainua kitambaa, nikaigusa ile cherehani, nikaifunika tena vizuri.

Nimetangaza magoli mengi kwa watu wengi. Lile moja ambalo halikuingia ndilo linalokaa mezani kwangu, linanipakulia chakula, na linaniambia jana, nikisimulia mechi ya zamani, nilikosea jina la kipa.